Naomba ushauri: nimkatie mama bima sasa au nisubiri bima ya afya kwa wote?
Habarini wakuu, mi naishi Mbagala, nauza mitumba Kariakoo kwahiyo sina mwajiri wa kunikatia bima. Mama ana sukari na presha, dawa za kila mwezi zinakula mtaji. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliahirishwa 2022, Bunge likaja kuupitisha Novemba 2023 nikafurahi kweli, kumbe sheria kupita haina maana kesho unapata kadi, wakati ule ilikuwa bado kanuni, bado kitita (yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia), bado hela za kuwalipia wasiojiweza zitoke wapi, na siasa nazo zikibadilika hujui kitabaki nini. Roho inaniuma jamani, ugonjwa hausubiri. Nivunje mtaji nimkatie bima binafsi ya mwaka mzima? Na mzee mwenye ugonjwa tayari wanampokea kweli? Waliopitia hili naombeni mnisaidie.