Mashine ya vyombo: fundi anataka 580,000 abadilishe bodi. Nitengeneze au ninunue mpya?

Mama Kigamboni

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, maana fundi anasubiri jibu langu.

Nina mashine ya kuoshea vyombo, ya Kijerumani, nimeinunua mtumba mwaka 2019 kwa shilingi 700,000 kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Kibati cha mlangoni kinaonyesha ni ya 2014. Nyumbani tuko tisa, na mama yangu ana miaka 71 na baridi yabisi ya viganja. Siku niliyoamua kuinunua nilimkuta alfajiri kaketi mbele ya karai, kashika bakuli kwa viganja viwili kama mtu anayeshika kifaranga, vidole havifungi, na bado anasugua. Ukimwambia aache anakujibu kuwa nyumba hailali na vyombo vichafu. Sufuria za ugali tunasugua kwa mkono mpaka leo, lakini sahani, vikombe, bakuli na vijiko vyote vinaingia humo mara mbili kwa siku.

Wiki mbili zilizopita ilisimama katikati ya kuosha. Pampu ya kutoa maji ikaanza kunguruma na haikukoma. Nikabonyeza kuzima, ikaendelea. Nikafungua mlango, ndani hamna maji, vyombo vina mapovu mapovu, pampu bado inanguruma. Nilipochomoa plagi ukutani ndipo ikanyamaza. Nikichomeka tena ni nguruma palepale, na taa yenye alama ya bomba inawaka.

Fundi alikuja, akaisikiliza kama dakika kumi, hakufungua hata skrubu moja, akasema bodi imeungua kwa umeme kupanda na kushuka. Bodi 520,000, ufundi 60,000. Mpya ya bei ya chini niliyoiona dukani ni 1,900,000, na hizo sina kwa sasa.

Jambo lingine, sijui kama yanahusiana: tangu mwaka jana glasi zinatoka na ukungu mweupe. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvichumvi, kwa hiyo ile chumvi ya mashine sijawahi kutia hata siku moja.

Kaka wa Tabata

Pole dada. Kwa maoni yangu usiingize hela hapo. Mashine ya miaka kumi na, ukibadilisha bodi leo, kesho itakufa pampu. Hiyo 580,000 mlipe binti wa kusaidia kazi, anaosha vyombo na kufagia uwanja, na mama anapumzika.

Mama Kigamboni

Asante kaka. Binti tulikuwa naye. Mama alikuwa anaamka kabla yake ili amsaidie. Akiona mtu anainamia karai hawezi kukaa, ndivyo alivyo. Mashine ikifunga mlango yeye anakwenda kukaa barazani. Ndiyo maana naing'ang'ania.

Fundi Friji Tegeta

Dada, usitoe hela ya bodi kwanza. Mimi natengeneza friji na mashine za kufulia, hizi za vyombo huja chache, ila ulivyoeleza naona kitu kingine kabisa.

Bodi ikiungua mara nyingi mashine hunyamaza, haina taa, haifanyi lolote. Yako inafanya kazi, tena kazi maalumu: inatoa maji bila kukoma kwa sababu inaamini kuna maji yanavuja. Chini kabisa, chini ya hilo pipa unaloliona ukifungua mlango, kuna trei. Ndani ya trei kuna boya jeupe, jepesi kama lile linalofungiwa televisheni kwenye boksi. Maji yakidondokea kwenye trei, boya linapanda, linabonyeza swichi, mashine inakata kila kitu na kuwasha pampu ili isikufurikie jikoni. Vikombe viwili vya maji vinatosha. Na ile pampu haiwezi kuyafikia maji ya trei, inanyonya ya juu tu. Kwa hiyo itanguruma mpaka kiama.

Fanya hivi. Chomoa plagi, usiamini kitufe cha kuzima. Funga bomba. Itoe mashine nje ya kabati, fungua kile kibati cha chini mbele, piga tochi. Ukiona maji, tafuta mtu wa kukusaidia, muilaze kwa nyuma taratibu kama nusu ya kulala, maji yamwagike kwenye taulo. Yanayobaki nyonya kwa sponji. Iache wazi usiku mzima ndipo uchomeke.

Halafu jibu swali hili kwa ukweli: sabuni gani ilitumika siku ile? Hayo mapovu uliyoyasema yananitia shaka. Hizi mashine zina vidonge na unga wake, havitoi povu. Mtu akitia sabuni ya maji ya karai, povu linajaa, linapita mlangoni na kuteremka hadi kwenye trei.

Bint Mkunazini, Maskati

Dada yangu, shikamoo nyingi kwa bi mkubwa. Ya boya kakwambia fundi, mie nakuja kwenye hiyo chumvi, kwa sababu kosa hilo hilo tulilifanya nyumbani Unguja na likatuulia hita.

Chumvi ya majini na chokaa ya majini ni vitu viwili. Pwani yetu maji ya kisima yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yanayeyusha chokaa, wewe huioni mpaka uchemshe birika ukute magamba meupe. Ndani ya mashine mna kikopo cha punje ndogondogo zinazonasa ile chokaa kabla maji hayajafika kwenye vyombo. Punje zikijaa hazinasi tena, lazima zioshwe kwa maji ya chumvi kali sana, na kazi hiyo ndiyo ya chumvi unayotia. Chumvichumvi ya kisima haiwezi, ni hafifu mno. Kwa hiyo miaka yote hii kikopo kimelala, na chokaa inajijenga kwenye hita.

Chukua glasi moja, ipanguse kwa siki. Ukungu ukitoka, ni chokaa. Usipotoka, basi kioo chenyewe kimelika na hakirudi.

Chumvi ya kutia ni ya mawe, safi, isiyotiwa madini ya joto wala unga wa kuzuia isigande. Si ile ya mashamba ya chumvi yenye mchanga. Mara ya kwanza ujaze maji kwenye kikopo cha chumvi kisha chumvi yenyewe, na ukishatia endesha mashine hapo hapo ikiwa tupu, punje za chumvi zilizomwagika zisije zikatia kutu. Na tazama kwenye kijitabu namna ya kupandisha kipimo cha ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa yake, maana aliyekuuzia huenda alikiacha chini.

Mama Yasin, Nyali

Mimi niseme upande wa pili ili usije ukajuta. Yangu niliitengeneza mara tatu: pampu ya maji, mpira wa mlango, kisha hita. Ya tatu iliniuma, kwa kuwa kwenye mashine nyingi za siku hizi hita na pampu ya kuzungusha ni kitu kimoja, huuziwi hita peke yake. Nikijumlisha nilikuwa nimeshapita nusu ya bei ya mpya.

Sasa ningeangalia hivi. Pipa la ndani likiwa na kutu iliyotoboa, hiyo haina dawa, uza chuma. Spea ikiwa lazima iagizwe nje na ungoje miezi miwili, jiulize mama atakaa vipi hiyo miezi miwili. Lakini mpira, kibano, boya, vali ya kuingiza maji, tengeneza bila kufikiri. Na hakuna fundi wa kukuambia bodi bila kuishika. Mwambie akuonyeshe palipoungua kwa macho yako.

Mama Kigamboni

Nimerudi na majibu, samahani nimekawia.

Ijumaa usiku mimi na mdogo wangu tuliitoa. Tulipopiga tochi chini, maji yanameta kwenye trei, na boya limeelea kama alivyosema Fundi. Tulipoilaza yalitoka mengi kuliko nilivyodhani, taulo mbili zililowa chepechepe, na yananukia limau. Nikajua. Vidonge vilikuwa vimeisha, mpwa wangu wa Kidato cha Pili akatia sabuni ya maji vijiko viwili kwa nia njema. Hakuna aliyemwambia tofauti, kwa hiyo sikumgombeza.

Jumamosi asubuhi nilichomeka nikiwa nimekaza moyo. Kimya. Nikaendesha tupu mara mbili kutoa povu, kisha na vyombo. Nikampigia yule fundi nikamwambia ahsante, bodi sihitaji.

Siku ya nne ikasimama tena. Hapo nilikata tamaa kweli, nikakumbuka hesabu ya Mama Yasin. Safari hii nilitandika gazeti kavu kwenye trei kabla ya kuirudisha, nikaendesha kibati kikiwa wazi, nikalala kifudifudi sakafuni na tochi. Dakika kama ya ishirini, maji yalipopata moto, nikaliona tone: linakusanyika chini ya mpira unaotoka kwenye pampu, linakua, linaanguka kwenye gazeti, linaanza lingine. Kibano cha mpira kimelika kwa kutu, ukikigusa kinazunguka. Kipya nimekinunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, 3,000, mdogo wangu amekaza kwa bisibisi. Leo ni siku ya kumi na moja, gazeti ni kavu.

Bint Mkunazini, glasi nne kati ya kumi na mbili zimesafika kwa siki, nane zimekwisha. Chumvi imeingia kilo nzima na ushee, kipimo cha maji nimekipandisha mpaka mwisho. Hita bado inachemsha, ila sahani sasa zinatoka na uvuguvugu tu, zamani zilikuwa zinaunguza vidole. Fundi Friji, kama unafika Kigamboni, ningependa uje uipime hita kabla ya Ramadhani. Nauli na kazi yako nitalipa. Ukisema hita na pampu ni kimoja na bei imepita 500,000, hapo nitaanza kuchanga ya mpya.

Fundi Friji Tegeta

Nitakuja Jumapili baada ya saa nane. Usiitie vyombo siku hiyo, nataka niikute baridi. Na hilo gazeti usilitoe.