MJADALA: Hela za uanagenzi zishikwe na nani, na kwa nini fundi wa mtaani anayefundisha halipwi?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili bila uchama. Tangu 2016/17 serikali ina ile Programu ya Kukuza Ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ndani yake kuna uanagenzi, kijana analipiwa ada, anapelekwa VETA au Don Bosco au chuo kingine, muda mwingine yuko darasani, mwingine yuko kazini, anatoka na cheti. Siipingi, mtaani kwetu wapo waliopita huko na leo wanajitegemea. Ninachobisha ni hela zinavyopita na nani anaziangalia.

Chanzo ni SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo mwajiri anailipa TRA kwa kupiga asilimia ya mishahara. Ilikuwa 6%, 2013 ikashuka 5, 2016 ikawa 4.5, baadaye 4, na 2023 ikawa 3.5. Kila ikishushwa waajiri wanapiga makofi halafu wanasema bado. Ukiwauliza mbona mnalalamika na hela ni ya kufundishia watu mtakaowaajiri nyie wenyewe, wanakujibu kitu ambacho mimi nakiona cha haki kabisa: hatuoni inakoenda. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndo ilikuwa ya VETA, theluthi mbili zinabaki Hazina, na huko ndo zikawa zinasaidia mikopo ya vyuo vikuu. Yaani tozo inaitwa ya ujuzi, halafu anayesoma sosholojia anakula kuliko anayeshika spana (sina ugomvi na sosholojia jamani).

Usimamizi sasa ndo kichekesho. TRA inakusanya, Hazina inagawa, Ofisi ya Waziri Mkuu inaendesha programu, VETA iko Wizara ya Elimu, ubora ni wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), TEA (mamlaka ya elimu) nao walikuwa na Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Kijana akifika gereji akafagishwa miezi mitatu, akalalamike kwa nani kati ya hao?

Hoja yangu: SDL yote iingie mfuko mmoja, bodi yake iwe na waajiri, mafundi na serikali, na hela ya ile sehemu ya kazini imfuate mwanagenzi mpaka kwa fundi anayemfundisha. Mnasemaje?

Fundi wa mageti, Mbagala

Umenigusa mkuu. Mimi nachomelea, na madogo wa field nawapokea kila mwaka. Kuna chuo, sikitaji, mwalimu wao alikuja mara moja na bodaboda, hata injini haikuzimwa, akaniuliza dogo anakuja? nikamwambia anakuja, akanipa fomu nisaini, akataka na muhuri. Muhuri nitoe wapi mimi na kibanda cha mabati?

Watu hawajui kufundisha kuchomelea kunakula hela. Dogo mgeni ukimpa skwea paipu nyembamba anaitoboa, unampa nyingine anaitoboa, vijiti vinaisha pakiti nzima na hakuna kiungo hata kimoja cha kumpa mteja, umeme wa LUKU naweka mimi, akivua miwani ili eti aone vizuri usiku macho yanamuwaka kama yametiwa mchanga na asubuhi mama yake yuko kwangu anagomba. Ada imelipwa chuo, mimi naambiwa asante kwa ushirikiano. Ndo maana fundi mwenye akili anampa dogo brashi apake rangi basi, rangi haimtii hasara. Msimlaumu.

Mhasibu wa kiwandani

Kwanza tuwekane sawa, SDL haikatwi kwenye mshahara wako, mwajiri anaitoa juu yake, naona wengi wanaichanganya na PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Pili, tangu 2021 mwenye wafanyakazi chini ya 10 halipi kabisa. Kwa hiyo fundi wetu wa Mbagala, kwa heshima zote kaka, hachangii hata senti, sasa kwa nini bosi wangu amlipie mtu anayemchukulia wateja? Kila ikikaribia tarehe 7, siku ya mwisho ya kulipa, naulizwa swali lile lile, sisi tunapata nini hapa, na sina jibu. Kwangu mimi mwajiri anayepokea wanagenzi apunguziwe SDL yake hapo hapo, hela isifike hata Hazina.

Mwalimu wa ufundi

Mhasibu, hilo punguzo litazaa wanagenzi hewa. Nchi hii 2016 tulihesabu watumishi hewa mpaka tukachoka, kampuni gani itashindwa kuandika majina ishirini ya madogo wanaobeba maboksi? Na kabla hamjasema halmashauri ndo zihakiki, mkumbuke ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na walemavu ilivyosimamishwa 2023 baada ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu) kuibua vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, mpaka 2024 ndo ikarudi.

Shida ya mleta mada ni kwamba amejaza bodi, mtihani hakuugusa. Anayefundisha asiwe anayetahini. Fundi alipwe nusu mwanzoni ya vifaa, nusu dogo akifaulu mtihani wa vitendo mbele ya mtu mwingine kabisa. Na mafundi wa mtaani wenye vyeti wapo, VETA imewapima wengi kwa ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa aliyejifunzia kazini, tuanze na hao.

Mdau kutoka Nairobi

Huku Kenya mwajiri analipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, pesa kidogo sana lakini ni rahisi kuhesabu. Na kwa mradi wa ajira kwa vijana wa KYEOP fundi wa jua kali alilipwa kufundisha vijana, NITA ndio wakawapima. Ilikuwa poa, shida ni kwamba mradi wa Benki ya Dunia una mwisho, na baadaye ni kungoja mwingine. Nyinyi mna tozo ya kila mwezi, hiyo ni bahati mnaichezea.

Mleta mada

Mwalimu nakubali, mtihani niliuruka. Ila kulipa kwa kufaulu kuna ubaya wake: fundi atachagua madogo wepesi tu. Binti anayetaka umeme wa magari, au kijana mwenye ulemavu wa mguu, nani atamchukua? Hapo lazima nusu ya mwanzo iwe kubwa zaidi kwa hao. Na wewe mhasibu, hao unaosema wanakuchukulia wateja ndo hao hao mnaowaajiri wakishaiva, mafundi wenu wa zamu walijifunzia kwenye vibanda gani?

Fundi wa mageti, Mbagala

Mhasibu kaka, wateja wangu wanataka geti la uchochoroni, kiwanda chako hakiwezi hata kuingiza gari huko. Mimi swali langu moja tu, hiyo nusu ya vifaa inaingia lini? Ikiingia kwenye simu kabla dogo hajafika nachukua hata wawili, na binti naye aje. Ikiwa ni ya kufuatilia Dodoma na barua, leteni fomu nisaini kama kawaida.