Riwaya ya manusura: mwaka wa nne baada ya anguko, nini bado kinafanya kazi?

Kalamu_Mbichi
Wakuu, habari zenu. Nina riwaya ya manusura inayoanzia pale wengine wanapomalizia: ugonjwa umeshapita, mwaka wa nne umeingia, kijiji kina watu 240, wenye nguvu za kulima kama 120. Wanaishi kwa mahindi. Wana malori 2 ya petroli, na mkuu wao ameweka walinzi 40 wa kudumu. Nipigieni msasa kabla sijaendelea. Wapi panavuja?

Bwana_Spana
Malori yaue leo leo. Petroli ikikaa hupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka, na kinachobaki hugeuka ulimbo unaoziba kabureta na nozeli. Miezi 6 inavumilika, mwaka mmoja kama imefungwa vizuri. Mwaka wa nne hapana. Dizeli hudumu zaidi, ila unyevu ukitua chini ya tangi, vijidudu huzaliana pale maji yanapokutana na mafuta, na ute wao unaziba chujio.

Ukitaka injini inguruke, tumia gesi ya kuni. Ulaya waliendesha magari kwa gesi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli ilipoadimika. Kuni zinaungua kwenye tangi la chuma kwa hewa haba, gesi inapozwa, inachujwa, inaingia kwenye injini ya petroli. Weka kilo 2.5 hadi 3 za kuni kavu mahali pa lita 1 ya petroli, na nguvu ishuke kwa theluthi au zaidi. Kuni zikiwa na unyevu zinatoa lami inayonasa vali, na injini inakufa. Gesi yenyewe imejaa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Anayewasha mtambo ndani ya banda lililofungwa anaweza asitoke. Una kifo hapo bila kumleta jambazi.

Ghala_na_Jembe
Mimi nitaongelea tumbo, maana ndiko riwaya nyingi za aina hii zinakodanganya.

Mtu mmoja anahitaji kama kilo 200 za nafaka kwa mwaka ikiwa ndiyo chakula chake kikuu. Watu 240 ni tani 48. Ongeza tani 1.5 za mbegu. Kisha fukusi, panya na kuvu wachukue sehemu ya tano, kwa hiyo unatakiwa kuvuna kama tani 62. Bila mbolea ya viwandani, tani 1 kwa hekta ni makadirio ya haki: hekta 62. Kwa wakulima 120 ni nusu hekta na ushee kila mmoja kwa jembe la mkono, kazi inayowezekana. Sasa toa walinzi wako 40. Waliobaki 80 wana zaidi ya robo tatu ya hekta kila mmoja, na hakuna wa kuchimba kisima wala kumuuguza mgonjwa. Jeshi lako limeshakula kijiji.

Halafu mbegu. Wakiwa walianza na mahindi chotara ya dukani, mavuno ya kizazi cha pili yanashuka na mimea inatoka mirefu kwa mifupi. Wanahitaji mbegu isiyo chotara, iliyochaguliwa katikati ya shamba, kutoka mimea mingi. Mia mbili ni idadi nzuri. Wakichukua mahindi kumi yaliyonona tu, baada ya misimu michache mahindi yanadhoofika kwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Na wakaushe mpaka unyevu wa asilimia 13. Wakiwahi kufunga ghala, sumukuvu itafanya kazi ambayo adui hakuifanya.

Kalamu_Mbichi
Mkuu umenivunjia sura tatu, asante. Nilipanga adui achome shamba wakati wa mavuno. Nalo lifutwe?

Ghala_na_Jembe
Sogeza tu tarehe. Mahindi hayavumilii magugu katika wiki za mwanzo, na palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya 2 au ya 3 baada ya kuota. Adui mwenye akili hachomi kitu. Anapiga risasi chache kila asubuhi kutoka ng'ambo ya mto, watu wanaogopa kwenda shambani kwa wiki tatu, na njaa inajipanga yenyewe miezi minne mbele. Hakuna hata maiti moja, na kijiji kinagombana ndani kwa ndani nani atangulie na jembe.

Daftari_la_Kale
Naongeza la utawala, kwa kuwa "mkuu mwenye bunduki" limechosha. Ghala la tani 62 linahitaji daftari: nani ameweka kiasi gani, nani amekopa. Maandishi ya Uruk, mji wa kale katika Iraki ya leo, ya miaka zaidi ya 5,000 iliyopita ni hesabu za namna hiyo, nafaka na migao ya kazi. Kwa hiyo mpe mamlaka mtunza ghala, na ufunguo wa pili ashike mtu asiyeelewana naye.

Mgogoro mwingine: watu wakiwa wachache, kibarua anakuwa ghali. Baada ya tauni ya 1348, Uingereza ilitoa amri ya 1349 na sheria ya 1351 kuzuia ujira usipande na vibarua wasihame. Mkuu wako ana sababu ileile ya kukataza watu wasihamie kijiji jirani kinacholisha vizuri zaidi. Hao walinzi 40 wanalinda mpaka, sawa, lakini bunduki zinaangalia upande gani?

Bwana_Spana
Hilo la bunduki nimelipenda. Kidogo tu kuhusu umeme: paneli za jua zitakuwa nzima bado, betri za asidi ndizo zitakuwa zimechoka. Wasukume maji mchana jua likiwaka, yapande kwenye tangi la juu, usiku yashuke yenyewe. Pampu iunganishwe moja kwa moja na paneli, betri ziachwe kwa redio.