Mrejesho: pikapu ya otomatiki iliyokosa nguvu mlimani

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu ya zamani: injini inanguruma ila gari halivuti, hasa nikipanda Newala kutokea Masasi na mzigo wa korosho. Wengi mlisema gia boksi imekufa, nitafute ya mtumba Dar. Haijafa.

Fundi wa hapa Mtwara mjini aliacha injini ipate moto, lever ikiwa P (ya kuegesha), akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi huku injini inawaka. Oili ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, hakuna unga mweusi wa klachi zilizolika. Ndipo akaangalia waya unaotoka kwenye throttle (mlango wa hewa wa injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) kwenda gia boksi. Umelegea kabisa! Gia boksi nyingi za otomatiki za zamani zinapima umekanyaga mafuta kiasi gani kwa waya huo, na presha ya oili inafuata hapo. Ukilegea presha inashuka, klachi za ndani zinateleza.

Akakaza nati, tukajaribu hadi Mikindani. Linavuta.

Aliyeshauri niongeze oili mpaka ipite alama, hapana bwana, ikizidi inatoa povu na kuteleza kunaongezeka. Kimebaki kitu kimoja: asubuhi R (gia ya kurudi nyuma) inachelewa kuingia. Fundi anashuku sili (mipira ya ndani inayozuia oili isivuje) zimekauka. Mnaonaje?