Acheni kutulisha bei za uongo za ndege za kivita, eti hela ya reli Tabora–Kigoma ingenunua ndege 28 za F-35!!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie, na mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa picha za madege, hauhusiani kabisa.

Kuna jedwali linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu tangu wiki iliyopita. Ndege za kivita za Marekani, F-35A dola milioni 77.9 na F-16 mpya dola milioni 70, alafu Rafale ya Ufaransa dola milioni 240. Alafu chini yake mtu kamalizia kwamba India walionunua Rafale walipigwa mchana kweupe, Wafaransa ni wezi, na mtu mwingine wa hapa hapa Kigoma kaongezea la kwake: SGR kipande cha Tabora–Kigoma ni dola bilioni 2.2, hela hiyo tungepata F-35 28 na chenji inabaki. Jana kijiweni pale Mwanga watu wazima na akili zao wanalisoma hilo jedwali kwa sauti, wanatikisa vichwa, eti tumepigwa na sisi. Nimejaribu kuongea nikaambiwa fundi boti unajua nini kuhusu ndege.

Sawa, mimi ni fundi wa mashine za boti Kibirizi, mwaka wa 11 huu. Na ndio maana hilo jedwali limeniuma, kwasababu huu mchezo wa bei ya mashine tupu naujua vizuri sana, umeshaifilisi familia yangu.

Baba mdogo alienda duka moja mjini kununua mashine ya boti ya farasi 40, akatajiwa milioni 9, akalinganisha na duka lingine lililosema milioni 11 na nusu, akamwona huyu wa pili ni mwizi. Akalipa milioni 9. Kufika mwaloni ndio tunagundua haina tanki la mafuta, haina mpira wa mafuta, haina propela ya akiba, na kibao cha nyuma cha mtumbwi wake hakiwezi kuibeba lazima kisukwe upya. Yule wa milioni 11 na nusu alikuwa anauza na tanki, spea za mwaka mzima na kufungiwa kabisa. Baba mdogo alimaliza milioni 13 na ushee, na mwezi wa 5 gia ikafa, spea ikasubiriwa miezi mitatu, mashine imelala chini ya turubai wakati dagaa wapo. Marehemu hakupona ile hasara. Kwahiyo mtu akiniwekea bei mbili pembeni kwa pembeni bila kuniambia ndani yake kuna nini, namwona kama yule muuza duka.

Sasa turudi kwenye madege.

Hiyo 77.9 ni kweli ipo, sijasema ni ya kutunga. Ni bei ambayo Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani) na Lockheed Martin (wenye kiwanda) walikubaliana mwaka 2019 kwa F-35A za kundi la 14 kutengenezwa. Ndege ikiwa na injini, inatoka kiwandani, basi. Haina simuleta (mashine ya rubani kujifunzia akiwa chini), haina mafunzo ya rubani, haina spea, haina kombora hata moja, haina hangari. Na ni bei ya jeshi la Marekani lenyewe linalonunua mamia kwa wakati mmoja. Makundi yaliyofuata bei ikapanda mpaka wastani wa dola milioni 82.5, kwahiyo hata hiyo namba mnayoiringia imeshapitwa.

Chukueni Poland muone maajabu. Septemba 2019 serikali ya Marekani inapeleka taarifa bungeni kwao kwamba Poland inataka F-35 32, makadirio dola bilioni 6.5. Gawanya, ni milioni 203 kwa ndege. Januari 2020 mkataba unasainiwa, dola bilioni 4.6, gawanya, milioni 143 na kitu. Na kiwandani ndege ile ile inatajwa chini ya milioni 80. Ndege moja, mnunuzi mmoja, bei tatu, na zote tatu ni za kweli! Ya kwanza ni dari, yaani kiwango cha juu kabisa kinachoombewa ruhusa pamoja na kila kitu ambacho mnunuzi anaweza kukihitaji. Ya pili ni kile walichosaini, ndani yake kuna simuleta, mafunzo ya marubani na mafundi, injini ya akiba na huduma mpaka 2030. Ya tatu ni chuma tupu. Na hapo kwenye hiyo bilioni 4.6 makombora hayamo, walienda kuyasaini kwenye mikataba mingine baadaye. Na Poland sio mgeni, F-16 anarusha tangu 2006, ana viwanja, ana mafundi, ana marubani wanaojua ndege za Marekani. Sisi tungeanzia wapi?

Haya njooni kwenye Rafale ya India mnayoitukana. Mkataba wa Septemba 2016, ndege 36, euro bilioni 7.87. Ukigawanya bila kufikiri unapata euro milioni 218 kwa kila moja, ndio hiyo milioni 240 ya dola kwenye jedwali lenu. Lakini ndani ya hela ile kuna makombora ya Meteor na SCALP, kuna mabadiliko waliyoyataka India wenyewe kwenye ndege zao, kuna spea, kuna huduma yenye sharti kwamba asilimia 75 ya ndege ziwe zinaweza kuruka muda wote. Ndege tupu yenyewe iliripotiwa ni kama euro milioni 90 hivi. Kwahiyo mmechukua chuma tupu cha Mmarekani mkakiweka pembeni ya kapu zima la Mfaransa alafu mnasema Mfaransa mwizi!! Mngeweka euro milioni 90 pembeni ya dola milioni 78 mngeona tofauti ipo ila sio ya kumwita mtu mwizi, na mngeweka kapu kwa kapu mngeona Serbia nae Agosti 2024 kalipa euro bilioni 2.7 kwa Rafale 12 tu, milioni 225 kwa moja, maana ukinunua chache gharama za simuleta na mafunzo na vifaa vya kufanyia matengenezo zinagawanywa kwa ndege chache. Hili hata muuza dagaa anayekodi roli anaelewa, ukipakia magunia kumi nauli ya gunia inakuwa kubwa kuliko ukipakia mia.

Na ile F-16 ya milioni 70 ndio imenimaliza kabisa. Hiyo inatoka Bahrain, mwaka 2018 kiwanda kilipewa mkataba wa dola bilioni 1.12 kutengeneza ndege 16 za F-16 toleo jipya la Block 70. Ni milioni 70 kweli. Lakini taarifa ya bungeni ya Bahrain hiyo hiyo mwaka 2017 ilisema ndege 19 na vifaa vyake dola bilioni 2.785. Na Bulgaria mwaka 2019 alichukua F-16 hizo hizo 8 kwa dola bilioni 1.256, ambayo ni milioni 157 kwa moja, na hela alitoa yote kwa mkupuo. 70 na 157, aina ile ile! Mngekuta ni nyanya sokoni mngeuliza kwanza kama ni sado au ni tenga.

Alafu kuna hili la bei kubadilika ukiwa umeshaingia. Uswisi walipiga kura ya wananchi Septemba 2020, hela ya ndege ikapita kwa asilimia 50.1, wakachagua F-35 36 kwa faranga bilioni 6 na kidogo, serikali yao ikawaambia watu bei imefungwa haibadiliki. Mwaka 2025 Marekani inawaambia hapana hamkutuelewa, ongezeni kati ya milioni 650 na bilioni 1.3. Uswisi! Nchi yenye mabenki na wanasheria wa kila aina. Kanada nao walisema dola zao bilioni 19 kwa ndege 88, mkaguzi wao mkuu Juni 2025 akatoka na bilioni 27.7, na hapo bado majengo na baadhi ya silaha ambavyo aliviweka pembeni kama bilioni 5.5 nyingine. Uturuki ndio usiseme, alishalipa zaidi ya dola bilioni moja kwenye mradi wa F-35, akanunua mitambo ya S-400 ya Urusi ya kutungulia ndege, 2019 akatolewa.

Kwa majirani hapa, Uganda mwaka 2011, dola milioni 740. Watu wanaandika "Su-30 (ndege ya kivita ya Urusi) ni dola milioni 123" kwasababu wamegawanya kwa ndege 6. Jamani ile hela ilikuwa ya ndege 6 pamoja na zana nyingine za kijeshi, huwezi kugawanya kwa 6 ukasema umepata bei ya ndege. Kinachotakiwa kuumiza kichwa kwenye ile ni kwamba fedha zilitoka kwanza, Bunge likaidhinisha zimeshatoka, lakini hilo hamlijadili mnajadili Su-30 na F-16 nani mkali.

Na kununua ndio mwanzo. Afrika Kusini walichukua Gripen 26 za Sweden, ndege nzuri na nafuu kuendesha kuliko nyingi. Mwaka 2013 waziri wao akasema 12 zimewekwa stoo. Septemba 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha bila mwingine, zikakaa chini mwaka mzima. Nchi yenye uchumi mkubwa kuliko wetu mara kadhaa. Nilivyosoma hiyo nilimkumbuka baba mdogo na turubai lake. Marekani wenyewe ofisi ya ukaguzi wa bunge lao imesema kuzitunza F-35 zao mpaka mwisho wa maisha yake ni dola trilioni 1.58, wakati mwaka 2018 ilikuwa trilioni 1.1, na hiyo ni matunzo tu, hela ya kununulia haimo.

Sasa wewe wa F-35 28. Kwa mkataba wa Poland hiyo bilioni 2.2 inakupa ndege 15. Kwa Rafale za Serbia hata 10 hazifiki. Hujajenga hangari, hujanunua kombora, na kwa F-35 hujajua hata kama Marekani atakubali kukuuzia. Reli ni kilomita 506, ni kama dola milioni 4.3 kwa kilomita, na ile bei ni ya kujengewa, tuta na madaraja na stesheni. Mimi nimezaliwa mwisho wa reli, nimepanda treni ya zamani kwenda Tabora nimesimama usiku mzima, mama yangu alisafirishwa kwa treni hiyo akiwa mgonjwa. Kama unaona reli ni ghali leta hoja za reli, linganisha na kipande cha Makutupora–Tabora, linganisha na nchi nyingine, hapo tutakaa tubishane mpaka asubuhi. Usiniletee chuma tupu cha kundi la 14 kuipima reli yetu.

EDIT: Naona wengi mnauliza basi bei ya kweli ni ipi. Haipo namba moja. Ukitaka kulinganisha chukua mikataba iliyosainiwa miaka inayokaribiana, idadi inayokaribiana, andika pembeni silaha zimo au hazimo, mafunzo yamo au hayamo, huduma ya miaka mingapi, alafu badilisha sarafu kwa kiwango cha mwaka ule sio cha leo.

EDIT 2: Aliyetengeneza jedwali nimeambiwa yupo humu. Mkuu naomba ujibu moja tu, safu ya Rafale uliweka makombora, safu ya F-35 uliyatoa. Kwanini?