Pawatila inatoa moshi mweupe na maji yanaisha, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Kijana_wa_Isyonje
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana akili imegoma. Nina pawatila yangu ya Kichina, hili trekta dogo la kushika kwa mikono, injini ya dizeli S195, hizi za silinda moja zinazolala. Asubuhi naizungusha kwa hendeli inawaka vizuri ila moshi mweupe mwingi, nguvu imepungua, na maji ya radieta nikijaza saa moja ikifika saa nne yameshuka nusu. Oil iko kawaida. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, mashine ya kuchomelea ninayo, grenda ninayo, spana zipo. Gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko cha silinda, nimeshanunua sokoni Mwanjelwa. Swali langu ni moja tu, nikiifunga napaka gundi au nafunga kavu? Ijumaa usiku nataka niwe nimemaliza.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Kijana, gundi baadaye. Huo moshi unanukaje? Ukinuka dizeli mbichi na kuwasha macho, ni dizeli haijaungua, kwa baridi ya huko mwezi huu wa sita asubuhi ni kawaida, injini ikipata moto unaisha. Ukiwa kama mvuke wa chungu na unaendelea hata ikishapata moto, maji yanaingia ndani. Iwashe, fungua mfuniko wa maji uchungulie. Mapovu yakipanda mfululizo wakati maji hayajachemka, presha ya silinda inapenya. Alafu tuambie ilianzaje, gasketi haiungui bila sababu.

Mnyalukolo_Mafinga
Kamwene wakuu. Mimi ushauri wangu uza hiyo kitu uongeze hela uchukue Kubota ya mtumba. Nilikuwa na injini kama hiyo kwenye msumeno wa kupasulia mbao, siku nzima vumbi la mbao linaingia kwenye chujio la hewa, mimi nikawa nalipuliza tu kwa mdomo narudisha, ringi za pistoni zikaisha, laina ya silinda ikaisha, nikabadilisha vyote na vumbi likavila tena. Mpaka leo nikisikia mlio wa S195 moyo unaniuma.

Kijana_wa_Isyonje
Mkuu wa Mafinga hela ya kuongeza sina. Fundi, mapovu yapo, na moshi hauna harufu. Ilianza yenyewe tu juzi napandisha mzigo. Kwa hiyo ni gasketi si ndio? Gundi au kavu?

Fundi_Dizeli_Igurusi
Mzigo gani? Na maji yalikuwepo?

Kijana_wa_Isyonje
Gunia 12 za viazi kwenye trela. Maji yalipungua kidogo.

Mlaji_wa_Chipsi
Gunia 12 za kawaida au lumbesa? Maana huko kwenu gunia lina kilemba kirefu kuliko lenyewe 😂

Mwl_Mstaafu_Tukuyu
Hilo la lumbesa si la kucheka. Mkulima analima kwa jasho anauza kwa kipimo cha wizi, na sheria ya vipimo ipo. Vijana mnaobeba huo mzigo na nyinyi mnashiriki. Kataeni.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Mwalimu shikamoo, umesema kweli ila turudi kwenye injini. Kijana, "kidogo" ni kiasi gani? Ilichemsha? Na ulipoona imechemsha ulifanya nini?

Kijana_wa_Isyonje
Sawa ngoja niseme. Maji yalikauka kabisa. Nilikuwa kwenye kilima, mvuke ukaisha, injini ikaanza kulemewa na kutoa mlio wa kugonga, nikazima. Pembeni kuna kijito, nikachota ndoo moja nikamimina palepale maana giza lilikuwa linaingia na viazi vya watu viko kwenye trela. Ilitoa sauti kama chuma kwa mhunzi. Lakini baada ya hapo iliwaka na ikanifikisha nyumbani! Hedi ingekuwa na ufa isingewaka, ndo maana nasema ni gasketi tu.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Hapo sasa umesema. Hedi yenye ufa mwembamba inawaka, inaweza ikakupeleka wiki. Chuma cha kusubu kikiwa na moto ule ukakimwagia maji ya kijito cha Isyonje, hayo maji naomba tukubaliane ni barafu, kinajikunja upande mmoja ghafla na mara nyingi kinapasuka pale katikati ya valvu mbili ambapo nyama ni nyembamba. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopasuka au kupinda umetupa hela.

Fanya hivi. Vua hedi, ioshe kwa petroli, futa mpaka iwe kavu. Paka mafuta ya taa upande wa valvu, subiri robo saa, futa kabisa, alafu paka unga wa chaki. Kama kuna ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Pia laza rula ya chuma juu ya hedi, ingiza filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, pande zote. Oil usiiangalie kwa kijiti tu, fungua nati ya chini asubuhi kabla hujawasha uone kama yanatangulia maji, zile oringi za laina nazo zinaungua ikichemsha.

Bado hujaniambia jambo. Hiyo mashine ina nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Kupandisha taratibu gia ya chini isingekauka maji. Umechezea nini?

Kijana_wa_Isyonje
Puli. Nilitoa puli ya injini nikaweka kubwa zaidi, nimeichonga mwenyewe kwa leth ya rafiki, ili trela ikimbie maana nalipwa kwa tripu. Na bado naamini ni sahihi, injini inazunguka vilevile 2000, gavana inayodhibiti mizunguko sijagusa, sasa iumie kwa nini? Tambarare inaenda vizuri sana.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Inazunguka vilevile ila umeinyima gia. Ni kama umeondoa gia moja na mbili kwenye Fuso alafu unapanda Mlima Nyoka na mzigo.

MamaViazi_Umalila
Mwanangu, mimi sijui puli ila hiyo mbio itakuua. Mume wangu alikuwa na pawatila na trela, akishuka na mzigo akavuta mkono wa kushoto akate kushoto, mashine ikaenda kulia ikaingia korongoni. Alivunjika mguu, na ndo alikuwa dereva mzoefu. Tangu siku hiyo tunabebesha punda.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Mama pole sana. Na huo ndo ukweli ambao wengi hawafundishwi: ukivuta mkono unaikata nguvu ya tairi la upande huo. Tambarare linabaki nyuma unakata upande uleule. Mteremkoni mzigo unasukuma, tairi lililoachiwa linakimbia zaidi, unakata upande wa pili.

Jicho_la_Soweto
Mimi naona hii ni chai. S195 ninazozijua zina tangi la maji juu linachemka wazi, radieta umeitoa wapi? Pili mwezi huu Mbarali yote inavuna mpunga, pawatila zinagombaniwa, wewe yako iko Isyonje inabeba viazi? Tatu, Jumamosi kuna nini? Mtu akiwa na mashine yake hana deadlaini. Fundi unachoshwa bure.

Mlaji_wa_Chipsi
Naleta vitafunio ☕

Fundi_Dizeli_Igurusi
La radieta Kijana amesema kweli, zipo zenye radieta ndogo na feni. Hayo mengine ajibu mwenyewe.

Kijana_wa_Isyonje
Sio chai jamani, na nimeumia kuitwa muongo. Mashine sio yangu. Ni ya shemeji, kaka wa mke wangu, yuko Ubaruku. Mpunga wake mwaka huu kavunisha kwa kombaini ya kukodi, mashine ikawa imekaa, akanipa nitafute hela ya ada ya mtoto. Ilikuja juu ya Fuso. Jumamosi anakuja kuichukua. Kuhusu puli hajui, kuhusu ndoo hajui, hata mke wangu sijamwambia. Niliandika "yangu" kwa aibu.

Jicho_la_Soweto
Nimekusoma mkuu. Samahani.

Mwl_Mstaafu_Tukuyu
Mpigie leo, asiikute imefunguliwa uani. Shemeji anavumilia chuma kuharibika, kufichwa havumilii.

Kijana_wa_Isyonje
Marejesho wakuu. Hedi nimevua, nimefanya ya chaki. Mstari umetoka, mwembamba kama unywele, kutoka valvu moja mpaka nyingine. Nimerudia mara mbili nikiomba usitokee. Oil ilitoka safi, maji hakuna. Shemeji nimempigia, alinyamaza muda mrefu alafu akauliza kama mimi nilipona. Kasema hedi tutachangia nusu kwa nusu. Mke wangu alikuwa pembeni kasikia yote.

Fundi_Dizeli_Igurusi
Afadhali. Ufa huo usiuchomelee nyumbani, chuma cha kusubu kwa ile mashine yako kitapasuka pembeni. Tafuta hedi nzima, usawa wake upime hata kama ni mpya. Gasketi funga kavu, nati kaza kwa msalaba kidogo kidogo, alafu nafasi ya valvu weka milimita 0.35 ya hewa na 0.45 ya ekzosi injini ikiwa baridi. Ukishaiendesha ikapata moto, iache ipoe, kaza tena na upime valvu upya. Puli ya zamani ipo?

Kijana_wa_Isyonje
Ipo. Ndo inashikilia mlango wa banda la kuku. Naenda kuitoa sasa hivi, ndaga fijo, asanteni sana.