Cessna 172 inavushwaje bahari kubwa?

Mwanafunzi wa Anga: Wakuu, nina saa 60 tu za kurusha, mnivumilie. Matangi ya 172, ndege ndogo ya injini moja, yanabeba kama lita 200, nayo inakunywa zaidi ya lita 30 kwa saa. Hapo ni saa sita, basi. San Francisco hadi Honolulu ni kilomita 3,850 hivi. Wanaozipeleka kwa wanunuzi wanafikaje? Na injini ikizima?

Pangaboi: Viti vinang'olewa, tangi la ziada linawekwa ndani. Ukiogopa, ng'oa mabawa uitie kwenye kontena.

Koki Wazi: Pangaboi kasema kweli, ila kwa haraka mno. Nimefanya kazi hiyo miaka 11. Unaruka na kibali maalumu cha kuzidisha uzito, na saa ya kwanza ndege inapanda kwa kusuasua. Injini nilikuwa naiogopa kama wewe (usiku juu ya maji utasikia milio ambayo haipo), lakini haikuwahi kunitupa. Kilichotaka kuniua ni koki.

Natoka Goose Bay, Kanada, kwenda Narsarsuaq, Greenland, kilomita 1,250. Nikafungua mapema koki ya tangi la ndani, inayopeleka mafuta kwenye matangi ya bawani, nayo bado yamejaa, kisha nikazama kwenye redio. Kugeuka, naona ukungu mwembamba nyuma ya bawa. Mafuta yanamwagika kupitia tundu la hewa! Akiba yangu yote ya dakika 45 imekwenda baharini. Ndiyo asili ya jina langu humu.

Nikageuza.

Mwanafunzi wa Anga: Pole, mzee. Ulijuaje kurudi ni bora kuliko kuendelea?

Koki Wazi: Hesabu niliifanya chini, kabla ya kuruka. Ndege inakwenda kilomita 200 kwa saa, upepo wa nyuma 40. Mbele ni 240, kurudi ni 160. Kwa hiyo mahali ambapo mbele na nyuma ni muda uleule si kilomita 625, ni 500. Nilikuwa 420. Ningekuwa 520 ningeendelea, tena bila kubishana na nafsi.

Suti ya kuzuia maji ivae tangu chini. Ndani ya ndege inayozama huwezi kuivaa. Haja ndogo utaitafutia maarifa mwenyewe.

Pangaboi: Na ukipotea je? Rubani Jay Prochnow, 1978, akielekea kisiwa cha Norfolk katika Pasifiki, kifaa cha kutafutia uelekeo kilimdanganya. Rubani wa DC-10 ya abiria, Gordon Vette, akamwambia alielekee jua na apime kwa vidole limeinuka kiasi gani juu ya upeo. Akalinganisha na vipimo vyake, wakampata. Alitua baada ya saa 23 hewani.

Koki Wazi: Huyo tulisimuliwa sana. Siku hizi kuna setilaiti, lakini vidole ninavyo bado. Kijana, ukifika hatua hiyo, koki ifunge kwa saa ya mkononi, dakika uliyopanga. Usingoje geji ikuambie.

Mwanafunzi wa Anga: Kwa nini si geji?

Koki Wazi: Tangi langu la ndani halikuwa nayo. Lilikuwa na mrija wa plastiki na alama za kalamu.